Beti Kumi Dirishani kwa Marvel

Juni 21, Jumapili
Orlin alininunulia daftari hili Krismasi iliyopita, nami nikalitia kwenye droo, kwa kuwa sikuwahi kuwa na neno ambalo sikumwambia yeye mwenyewe. Februari moyo wake ukasimama akiwa anakwangua theluji mlangoni. Tangu hapo nimekuwa nikizungumza na jiko. Bora nizungumze na karatasi.

Wakulima wa hapa huomba mahindi yafike magotini kabla ya Julai nne; yamefika, na bado siku kumi na tatu. Mwaka mzuri.

Juni 23, Jumanne
Kikao cha kamati ya Sherehe ya Mahindi, chumba cha chini cha kanisa. Duane Hegg, mwenye bucha, ambaye pia ndiye mwenyekiti wetu, alisubiri mpaka keki iishe ndipo akakohoa.

"Ardella, tulikuwa tunafikiri mwaka huu upumzike. Umefiwa. Tunaweza kuleta yale majumba ya kupuliza hewa, watoto wakaruka ruka."

Nikamwambia, "Duane, nimefiwa na mume, sijafiwa na akili. Kama ni kupumzika, pumzisha hizo nywele ulizokuwa unaagiza kwa barua kutoka Chicago. Mimi ndiye niliyekuwa nakukabidhi kiboksi."

Watu wote wakatazama vikombe vyao. Duane akajishika utosini. Alijitakia.

Marvel Tostrud, rafiki yangu tangu tuna meno ya utoto, alinirudisha kwa gari lake. Akasema, "Ile ya nywele haikuwa lazima."

"Alinichokoza."

"Alikuchokoza, sawa. Lakini haikuwa lazima."

Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye dirisha la posta, siri za mji mzima zikipita mikononi mwangu. Nikasemwe kwa kiboksi kimoja!

Juni 24, Jumatano
Bado nina hasira, basi niandike kwa nini. Miaka kumi na tisa nimeficha medali. Ni ya shaba, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maziwa. Naiweka mahali pa umma, si juu kuliko kiuno, si pa kuchimba. Kisha siku kumi kabla ya gwaride la Sherehe naandika beti kumi, moja kila asubuhi, zinabandikwa kwenye dirisha la duka la mikate la Marvel. Anayeyafumbua maneno yangu na kuiona anapewa nusu ng'ombe kutoka kwa Duane, amekatwa, amefungwa, tayari kwa friza.

Hakuna kitu nilichofanya maishani kinachonipa raha kama kumwona mtu amesimama mbele ya lile dirisha, kahawa inapoa mkononi, midomo inatembea.

Na medali yangu ina macho. Mwaka nyumba ya kina Aune ilipoungua, wao ndio walioipata. Mwaka Marvel alipofiwa na mume akabaki na duka na deni la unga, aliiona Marvel. Mwaka ule Lindquist alipolala hospitali miezi mitatu, mkewe akaikuta chini ya benchi la uwanja wa mpira. Nilikuwa nikimwambia Orlin, "Unaona? Inamtafuta mwenye shida." Naye alikuwa anatabasamu na kusema, "Ajabu kweli."

Tulikuwa tunajua wawili tu, mimi na Orlin, ili mmoja akipatwa na jambo mwingine awepo. Mwaka huu najua peke yangu.

Juni 30, Jumanne
Mtambo wa kupandishia nafaka ghalani umemla Lowell Brekke mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Yuko hai. Mkewe Janelle ndiye aliyeuzima.

Julai 3, Ijumaa
Wanaume kumi na wawili wamekwenda kumkatia Lowell majani ya ng'ombe. Wamemaliza kabla ya chakula cha mchana na kuondoka bila kushukuriwa sana, kama inavyotakiwa. Lakini kikapu cha vyakula cha kanisa Janelle amekirudisha. Alikileta mwenyewe, amepiga pasi gauni. "Wapo wenye shida zaidi," akasema. Wana watoto wanne na ng'ombe waliobaki ni sita.

Ndivyo tulivyo hapa. Msaada wa mikono tunapokea, msaada wa sahani hatupokei. Hata mimi, Orlin alipokufa, vyakula vya kuoka vya majirani vilipofika sahani ishirini na moja, nilijifanya nimesafiri.

Julai 4
Mvua. Fataki zimelowa.

Julai 17, Ijumaa
Marvel, mikono imejaa unga: "Mwaka huu nani anajua pamoja nawe?"

"Hakuna."

"Hakuna? Na ukianguka?"

"Mtanizika. Medali itabaki ilipo."

"Usinitanie, Ardella. Niambie mimi. Si tumeanza pamoja darasa la kwanza?"

"Ndiyo maana sikwambii. Nataka na wewe utafute mwaka huu."

Alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika machoni. Nilidhani ameumia kwa kuwa simwamini. Imenisumbua siku nzima.

Julai 22, Jumatano
Nimeificha. Ipo chini ya kiti cha chuma cha ile mashine kuukuu ya kufyekea majani, ya kuvutwa na farasi, iliyowekwa pambo mbele ya zimamoto. Nimeifunga kwa waya. Kila mtu mjini anapita pale mara mbili kwa siku. Beti zimekaa vizuri kuliko mwaka wowote. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyekuwa akiniita nje kutazama machweo.

Agosti 3, Jumatatu
Duane amenisimamisha mbele ya benki. Tumeongea hali ya hewa, halafu mahindi, halafu hali ya hewa tena. Kisha, akitazama barabara: "Kama kuna kitu unataka mtu akubebee mwaka huu, Ardella... jambo lolote. Si vizuri kubeba peke yako." Nikafikiri kumbe ana moyo mzuri. Nikajuta kidogo ile ya nywele.

Agosti 6, Alhamisi
Ubeti wa kwanza:

Sijajificha porini, mwanipita kila siku,
Nimekaa kivulini, mchana hata usiku.

Watu saba dirishani kabla ya saa moja asubuhi. Nilikaa ndani na kahawa, nikajifanya nasoma gazeti.

Agosti 7
Ubeti wa pili. Watu tisa.

Agosti 8
Ubeti wa tatu. Joto kali. Nimewauliza wazee wa zimamoto kama kuna mtu ameanza kutafuta. "Ah, bado tunalitafakari," wakasema, wote wamekalia viti vya kukunja, hatua sita kutoka kwenye mashine.

Agosti 9, Jumapili
Ubeti wa nne. Mchungaji amemwombea Lowell. Janelle alikaa benchi la mbele, mgongo wima. Baada ya ibada nimeona watu watatu wakinitazama mimi, si Janelle. Sielewi.

Agosti 10, Jumatatu
Ubeti wa tano, na huu ni karibu kuwashika mkono:

Walonivuta wawili, wamekufa siku nyingi,
Kazi yangu ya awali, kukata majani mengi.

Katika mji wa wakulima! Mji ambao kila babu alikalia kiti kile! Hakuna aliyekwenda. Nilipita mbele ya zimamoto mara nne. Buibui amefuma utando kati ya waya wangu na chuma.

Agosti 11, Jumanne
Ubeti wa sita. Marvel ameniuliza tena, mara hii amekunja uso. "Niambie mahali, basi. Nusu tu. Upande gani wa mji." Nikamwambia asome dirisha lake mwenyewe. Akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kutoa mikate ambayo muda wake ulikuwa haujafika.

Kuna kitu hapa. Miaka yote kabla ya siku ya tano medali ilikuwa imeshapatikana. Nilijiambia beti za mwaka huu ni ngumu. Si ngumu.

Agosti 12, Jumatano
Asubuhi nimebandika ubeti wa saba. Ila haukuwa wa saba. Ulikuwa wa sita, neno kwa neno, nimebadilisha namba tu.

Watu wanane. Wamesimama muda wa heshima, wamekunywa kahawa, wametikisa vichwa. Bibi Lindquist akaniambia, "Kila siku unazidi kutubana."

Hakuna aliyeona.

Agosti 13, Alhamisi
Nimebandika jinsi ya kutengeneza matango ya siki. Vikombe viwili vya siki, kimoja cha sukari, chumvi, mbegu za haradali, usifunike mpaka yapoe. Nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri, namba nane juu.

Nilikaa meza ya karibu na mlango. Wazee wa zimamoto wakasimama. Aune akasimama, akavua kofia kabisa. Duane Hegg akaja, akainama, pua karibu na kioo, akakaa hapo kwa muda ambao mtu angeweza kusoma matango mara tatu. Kisha akaingia na kusema, "Ah, la leo! Umetuweza, Ardella. Hapo umetuweza."

"Umelipenda, Duane?"

"Zuri mno. Lina... lina kina."

Nikanyanyuka. Nikazunguka kaunta nikamshika Marvel mkono, tukaingia stoo, nikafunga mlango. Nikamwambia, "Hawasomi. Tangu lini hawasomi?"

Marvel alikaa juu ya gunia la unga. Alilia kwanza, na mimi nikamwacha alie, kwa sababu nilikuwa sina haraka tena.

"Tangu mwanzo," akasema. "Mwaka wa kwanza labda walisoma. Wa pili Orlin alikuja. Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Akanunua mkate wa mdalasini, akaniambia ilipo, akaniambia kina Aune watoto wao wanalala kwenye trela na baridi inakuja. Nikamwambia Duane. Duane akamwambia Aune, 'Ukipita daraja la chini hebu chungulia.' Basi. Ikawa hivyo kila mwaka. Wangekataa ng'ombe, Ardella. Unajua wangekataa. Lakini kushinda hawakatai."

"Na wewe? Mwaka wako?"

Akatazama sakafu. "Orlin aliniambia niende kuangalia bomba la maji la bustani. Nilijua. Nilikwenda."

"Nani anajua?"

"Nusu ya mji. Waliowahi kupata, na waliowahi kumnong'oneza mtu."

"Na hao wanaosimama dirishani na kahawa?"

"Wanakuheshimu."

Wananiheshimu! Miaka kumi na tisa, beti mia na themanini na zaidi, nikikesha na neno moja nikiligeuza geuza mpaka likae, na nje ya kioo watu wazima wanatikisa midomo kwa adabu. Na ule mkate wa mdalasini aliniletea mimi. Kila mwaka. Nilikuwa nikiula na chai na kumshukuru.

Nikamuuliza, "Kwa nini hakuniambia? Mimi ningeificha popote alipotaka. Kwa nini aliwaambia wote isipokuwa mimi?"

Marvel akafuta uso kwa aproni. "Sijui," akasema. Alijua. Ninamfahamu Marvel akidanganya, anashika sikio.

"Mwaka huu ni Janelle," akasema. "Lazima uwe umeona. Niambie ilipo, Ardella. Tuna siku mbili."

Nikaondoka.

Agosti 14, Ijumaa
Sikubandika kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikipigia hicho kikulacho pasi mashati miaka arobaini na mitatu. Nimelitoa koti lake kwenye msumari nikalitupa ghalani. Marvel amebisha hodi mara mbili mchana. Mara ya pili alisema kupitia mlango, "Si kwa ajili yetu. Kwa ajili ya Janelle." Nikamjibu kwamba mimi pia nina jina, na halikuwahi kuwa Mpumbavu.

Nimechukua karatasi ya kumi. Nimeandika mara moja, bila kufuta.

Agosti 15, Jumamosi
Nanakili hapa nilichobandika saa kumi na mbili asubuhi, ili nisije nikajidanganya baadaye.

"Medali imefungwa kwa waya chini ya kiti cha mashine ya majani mbele ya zimamoto. Janelle Brekke aende akaichukue, kwa maana mmekwisha kuamua ni yake. Mlivyoamua kwa Aune. Mlivyoamua kwa Lindquist. Mlivyoamua kwa Marvel Tostrud." Nikaendelea hivyo, majina yote niliyoyakumbuka, kumi na manane, na mwaka kando ya kila jina. Chini nikatia sahihi.

Hilo walilisoma. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikaona. Midomo haikutembea safari hii. Mzee Aune alisoma mpaka chini, akarudi juu, akavaa kofia yake na kwenda kwenye gari lake. Gari likakaa pale pale na yeye ndani. Marvel akatoka, akasoma, akaona jina lake. Hakulibandua. Alirudi ndani akageuza kibao cha mlango kuwa Tumefunga, siku ya gwaride, siku anayouza kuliko zote.

Nilifurahi. Naandika ukweli: kwa muda wa kama saa moja nilifurahi sana.

Gwaride lilipita. Bendi ya shule, matrekta, binti malkia wa mahindi akirusha peremende. Mahindi yalichemshwa kwenye pipa kama kawaida, siagi kwenye ndoo. Bendi ya kodiani ilipiga polka na hakuna aliyecheza isipokuwa wageni wa kutoka mji wa pili. Hakuna aliyenifokea. Hakuna hata aliyeninyima chumvi. Walinipa chumvi na kuendelea kutazama mbele, na benchi langu lilikuwa na nafasi ya watu sita.

Agosti 16, Jumapili
Sikwenda kanisani. Saa saba mchana Janelle alikuja. Alikataa kuketi. Akaweka medali mezani, waya bado umezunguka.

"Lowell amesema tukurudishie."

"Nyama ni yenu, Janelle. Ng'ombe wa Duane ameshachinjwa."

"Nyama ya nani? Imeandikwa kwenye dirisha kwamba sisi ni maskini. Mwanangu mkubwa ndiye aliyesoma, ametumwa mkate. Akarudi akaniuliza, 'Mama, kwani sisi ni wa ng'ombe wa mwaka huu?'"

Nikamwambia sikuandika kwa ajili yake. Nikamwambia nimedanganywa miaka kumi na tisa na mume wangu na rafiki yangu na mji mzima, wamenifanya kichekesho.

Janelle alinisikiliza mpaka mwisho. Ana miaka thelathini na mbili tu, lakini wiki hizi zimemzeesha. "Mimi nilikuwa nayasoma," akasema.

"Nini?"

"Beti zako. Mimi si wa hapa, nimeolewa hapa, hakuna aliyewahi kuninong'oneza kitu. Jumatatu ile nilijua ni mashine ya majani. Nilimwambia Lowell hospitalini. Akasema nisubiri mpaka Jumamosi, atakuwa ametoka, tuende wote na watoto tukaichukue. Alitaka watoto waone baba yao ameshinda kitu." Akafunga kifungo cha sweta. "Alhamisi uliandika matango. Nilidhani labda umechoka kwa msiba."

Akaenda zake. Sikumsindikiza.

Agosti 20
Nyama iko kwenye friza ya Duane. Hakuna wa kuichukua.

Agosti 29
Kina Brekke wameuza ng'ombe wale sita. Watahamia kwa dada yake Janelle, Dakota Kusini, shule zikifunguliwa. Pengine wangehama tu. Hivyo ndivyo ninavyojiambia nikiosha vyombo.

Septemba 5
Nilikwenda kuwaaga. Walikuwa wameshaondoka asubuhi. Nimeokota karatasi zilizopeperushwa na upepo uani kwao, nikafunga geti.

Septemba 13
Umande mzito. Mahindi yamekauka shambani, yanalia upepo ukipita. Nimelirudisha koti msumarini.

Septemba 20, Jumapili
Marvel amekuja, mara ya kwanza tangu siku ile. Alikuwa amevaa nguo za kanisani. Tukanywa kahawa. Tukaongea baridi itakayokuja, tukaongea magoti yake. Nilijua hawezi kuanza, basi nikaanza mimi.

"Siku ile ulishika sikio. Kwa nini Orlin hakuniambia?"

"Achana nayo, Ardella. Ameshalala."

"Niambie."

Akazungusha kikombe. "Alisema anakupenda kuliko roho yake. Lakini alisema siri kwako inakaa salama mpaka siku utakayokasirika. Alisema siku hiyo utaitoa mbele ya watu wote, na atakayeumia si yule aliyekukasirisha."

Saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu Ijumaa na sikuwa nimeijaza. Nilitafuta jambo la kumjibu Orlin, hata moja, na Marvel akaningoja kwa subira kama anavyongoja unga uumuke.

Mwishowe nikauliza, "Na wewe? Ulimwambia nini?"

Marvel akasimama, akavaa koti, akatafuta glavu zake muda mrefu kwenye mifuko yote miwili.

"Nilimwambia anakuonea," akasema. "Kila mwaka nilimwambia. Nilimwambia mimi nakufahamu kabla yake."